Pesa isitangulie mzigo: namna ya kumlipa muuzaji wa China ukiwa mwagizaji mdogo

Nauza cherehani na vipuri vyake Kariakoo: vichwa vya mashine za kiwandani, overloki, mota, meza, boksi za bobini, mikanda, sindano za kila namba. Karibu vyote vinatoka Taizhou, mkoani Zhejiang, kusini mwa Ningbo, mji ambao kila unayeongea naye ana shemeji mwenye kiwanda cha cherehani. Mimi si mwagizaji mkubwa. Kontena zima kwangu ni la msimu. Siku nyingi mzigo wangu unaingia kwenye kontena la wakala pamoja na mizigo ya wenzangu, unapimwa kwa CBM, yaani mita za ujazo, tunakutana nao Dar.

Wanaoanza huniuliza: "Dada, huyu Mchina ni wa kuaminika?" Hilo silijibu. Moyo wa mtu hauonekani kwenye WeChat. Ninachoweza kumuuliza na mimi ni hiki: siku pesa ikishatoka benki, mkononi umebaki na nini? Kama umebaki na picha na ahadi, subiri kwanza. Kama umebaki na karatasi inayokupa mzigo, au mzigo wenyewe uko kwenye stoo ya mtu wako, tuma. Maelezo yote yanayofuata yanatokana na swali hilo.

Mjue unayemlipa, tena kwa jina la Kichina

Jina la Kiingereza la kampuni ya China ni la kujipachika. Leseni yao ya biashara imeandikwa jina la Kichina, na hilo ndilo serikali inalolijua. Kwa hiyo kabla hata ya kubishana bei, omba picha ya leseni. Mwandikie "yingye zhizhao" ataelewa mara moja, na mwenye kampuni ya kweli hasiti kuituma. Juu ya leseni kuna namba ya usajili yenye tarakimu na herufi 18. Inakili, iingize kwenye gsxt.gov.cn, tovuti ya serikali ya China ya kumbukumbu za kampuni. Iko kwa Kichina na ukiwa nje ya China mara nyingine inagoma kufunguka, basi mpe wakala wako wa Guangzhou au Yiwu akuangalizie. Kwake ni kazi ya dakika chache na hawezi kukudai kitu.

Angalia kampuni imeanza lini, bado iko hai au imefutwa, na imesajiliwa kufanya shughuli gani. Anayejiita kiwanda halafu leseni inasema kuuza tu, huyo ni mtu wa kati. Sisemi umkimbie. Vipuri vidogo nanunua kwa watu wa kati, kwa sababu hakuna kiwanda kitakachosimamisha mashine yake kunitengenezea katoni moja ya boksi za bobini. Ila mtu wa kati alipwe kama mtu wa kati: dipoziti yake iwe ndogo, maana hana malighafi ya kununua.

Kisha muhuri. Muhuri rasmi wa kampuni ya China ni wa duara, mwekundu, una nyota katikati na jina la Kichina limezunguka. Kwao muhuri huo una nguvu kuliko saini. Ile mihuri ya bluu yenye Kiingereza kitupu, wengi huichonga wenyewe. Weka picha ya muhuri kando ya picha ya leseni, ulinganishe herufi moja moja. Huhitaji kujua Kichina kuona kwamba michoro miwili haifanani.

Jambo linalowachanganya wengi ni Hong Kong. Kiwanda kiko Taizhou au Foshan, lakini akaunti ya dola iko Hong Kong kwa jina lingine. Ni kawaida kabisa. Lakini kisheria hiyo ni kampuni nyingine, na ukija kudai, ya bara itakuambia haikupokea senti. Kwa hiyo jina la kampuni ya Hong Kong liandikwe ndani ya proforma, yaani ankara ya awali ya oda, pamoja na sentensi inayosema kwamba kulipa kwenye akaunti hiyo ni kulipa oda hii, na juu yake ugongwe ule muhuri mwekundu wa kampuni ya bara. Kampuni za Hong Kong unaweza kuzitafuta kwenye msajili wa kampuni wa huko, kwa Kiingereza.

Baada ya karatasi, piga simu ya video bila kutoa taarifa. China wako mbele yetu kwa saa tano. Usipige saa moja asubuhi ya Dar, kwao ni saa sita mchana, wanakula kisha wanajilaza. Piga saa nne. Mwombe atoke mpaka getini akuonyeshe kibao, halafu arudi mpaka kwenye mashine za aina unayonunua, aandike jina la duka lako kwenye karatasi na kuliweka juu ya mojawapo. Mwenye kiwanda atacheka na kufanya. Asiye nacho atakuambia mtandao mbaya.

Proforma isiyo na maelezo ni mdomo tu

"Mashine 20, dola kadhaa" haitoshi hata kumpeleka mtu kwa mjumbe. Proforma yangu ya cherehani inataja modeli ya kichwa, mota ya servo wati 550, volti 220 hadi 240, hezi 50, plagi ya pini tatu bapa kama zetu, meza ya unene gani, stendi ya aina gani, na vipuri vinavyofuatana na kila mashine. Volti naiandika hata nikiambiwa "hiyo inajulikana", maana kiwanda hichohicho kinatengeneza za volti 110 kwa wateja wa Amerika, na katoni zote zinafanana.

Halafu bei ni ya wapi. Bei ya mlangoni kiwandani, yaani EXW, si sawa na FOB Ningbo, yaani bei ya mzigo ukishapakiwa melini Ningbo, na gari la kutoka kiwandani mpaka stoo ya wakala lina mtu wa kulilipia. Siku za kutengeneza zihesabiwe kuanzia lini, dipoziti ikitumwa au ikifika? Wakichelewa inakuwaje? Sampuli uliyoikubali iko wapi? Mimi huomba sampuli mbili, moja inakuja Dar, nyingine inabaki kiwandani ikiwa imefungwa na utepe wenye saini, na proforma inasema "kama sampuli".

Mwisho, akaunti ya benki iandikwe humohumo kwenye proforma, na chini yake mstari mmoja: akaunti hii haitabadilishwa kwa barua pepe wala kwa meseji.

Akaunti, hapa ndipo watu wanapolizwa

Ukiniruhusu kukaa sehemu moja tu ya maelezo haya, nitakaa hapa. Muuzaji tapeli yupo, lakini kwa wenzetu wenye wauzaji wa siku nyingi hatari kubwa ni mtu wa tatu anayeingia katikati ya wewe na muuzaji wako mwaminifu.

Anza na kusoma namba ya SWIFT, ile inayoitambulisha benki kimataifa. Watu huinakili tu, wakati inajieleza yenyewe. Ina alama 8 au 11, herufi na pengine tarakimu. Nne za kwanza ni benki, ya tano na ya sita ni nchi. BKCHCNBJ: BKCH ni Bank of China, CN ni China. BKCHHKHH: benki ileile, ila HK, yaani Hong Kong. Muuzaji wako yuko Zhejiang na herufi ya tano na ya sita ni za nchi ya Ulaya? Funga simu, chukua maji unywe, usilipe. Na jingine: akaunti za benki za China hazitumii IBAN. Ukiona namba ndefu inayoanza na herufi mbili za nchi, hiyo akaunti haiko China, hata kama juu pameandikwa anwani ya kiwanda.

Jina la mpokeaji lazima liwe lile la kwenye proforma, neno kwa neno. Wakikuambia lipa kwa akaunti ya bosi, au ya binamu, au ugawe kwa watu watatu, jua kinachoendelea. China raia mmoja anaruhusiwa kubadilisha fedha za kigeni zenye thamani ya dola 50,000 kwa mwaka kama mtu binafsi, ndiyo maana wanaokwepa kupitisha pesa kwenye kampuni huzitawanya kwa ndugu. Huenda hana nia ya kukuibia, anakwepa kodi yake tu. Lakini wewe utabaki na risiti inayosema ulimtumia mtu pesa, si kwamba ulinunua mashine kwa kampuni. Soko la Yiwu mwenye kibanda akikupa msimbo wake wa WeChat au Alipay uskani na katoni ziko mbele yako, lipa, beba. Dipoziti ya mzigo ambao bado haujatengenezwa, hapana.

Sasa njoo kwenye kubadilishiwa akaunti. Meseji zake zinafanana kama zimetoka shule moja: "Mpendwa mteja, akaunti yetu ya kampuni iko kwenye ukaguzi wa kodi wa mwaka, haiwezi kupokea. Tafadhali lipa salio kwenye akaunti ya kampuni yetu dada hapa chini. Tutumie slipu leo ili mzigo uwahi meli." Inakuja siku ya salio, kwa sababu siku hiyo unataka mzigo na umeshazoea kulipa.

Jirani yangu wa mtaa wa nyuma anauza vifaa vya saluni. Dipoziti aliilipa akaunti sahihi, salio likaletewa proforma mpya. Muhuri uleule, saini ileile, bei ileile mpaka senti, hata kosa la tahajia la jina la duka lake lilikuwa palepale. Kijana wake wa dukani ndiye aliyeshtuka kwenye SWIFT. Alimwambia, "Bosi, hawa si walikuwa CN?" Walipompigia dada wa mauzo kwa simu, akawa hajui lolote. Kumbe barua pepe yake ilikuwa inasomwa na watu wengine kwa muda mrefu, wakasubiri siku ya malipo, wakaandika kutoka anwani inayofanana na yake. Kwenye jina la kampuni herufi m ilikuwa imeondolewa, pakawekwa r na n zikikaa karibu karibu. Andika rn kwenye simu yako, itazame kwa haraka huku mteja anakuuliza bei ya kiti cha kinyozi. Utasoma m.

Utaratibu wangu ni huu, na kijana wangu anaujua hata nikiwa msibani. Kabla ya kila malipo, hata kama akaunti haijabadilika, tunapiga simu kwa namba au WeChat tuliyokuwa nayo tangu mwanzo, kamwe si kwa namba iliyo ndani ya barua iliyoleta akaunti. Tunapiga ya video, tunamwona uso. Halafu hatumsomei namba ya akaunti. Tunamwambia atusomee yeye. Ukimsomea wewe, mtu aliyechoka ataitikia tu "yes, yes". Akisoma yeye na namba zikalingana na za kwenye proforma yenye muhuri, tunaandika kwenye daftari tarehe, saa na jina la aliyesoma. Siku hizi sauti inaigwa na mashine, hata sura. Kwa hiyo tunatupia na swali la nyumbani: mzigo uliopita tulibishana kuhusu nini? Anayefanya kazi pale atakukumbusha mikanda iliyokuja mifupi, tena kwa kulalamika.

Akisema kweli akaunti imebadilika, usilipe siku hiyo. Aandike barua ya kampuni yenye muhuri mwekundu, umpigie na bosi wake, kisha ukiwa na wasiwasi tuma kiasi kidogo kwanza na usubiri akuthibitishie kwa simu kimefika kiasi gani. Gharama ya benki itauma kidogo.

Na Ijumaa jioni usitume. Saa tisa alasiri ya Dar kwao ni saa mbili usiku, ofisi zimefungwa, na kama kuna tatizo utaligundua Jumatatu. Wanaotapeli kalenda hiyo wanaijua vizuri.

Njia za kupitishia pesa

TT, yaani kuhamisha pesa kutoka benki yako kwenda akaunti ya kampuni, ndiyo njia yangu ya kawaida. Benki itakuomba proforma na TIN, na baadaye itataka nyaraka za forodha kuonyesha kwamba mzigo uliolipiwa umeingia nchini. Wengine huona ni usumbufu. Mimi naona ni ushahidi: TRA wakihoji bei niliyotamka, nina proforma, nina kopi ya SWIFT, yaani ujumbe wa malipo uliotumwa na benki, yenye kiasi kilekile na jina lilelile.

Ndiyo maana sipendi ule mtindo wetu wa Kariakoo wa kumpa mtu shilingi hapa, naye "mtu wake" anamlipa muuzaji wako yuan kule. Ni haraka na bei ya kubadilisha inavutia, sikatai. Ila pesa inayofika kwa muuzaji wako inatoka kwenye akaunti ya mtu usiyemjua, na kama pesa hiyo ina kesi, polisi wa China hufungia akaunti iliyoipokea. Wafanyabiashara wa Yiwu wameshalia sana na hilo. Akaunti yake ikifungwa, mzigo wako unasimama, naye atakuambia hajalipwa. Utamwonyesha risiti gani?

Kutuma kwa jina la mtu kupitia mawakala wa kutuma pesa ni kwa ajili ya ndugu na wazazi. Kadi ya benki naitumia kwa sampuli.

Alibaba ina ulinzi wa Trade Assurance, na kwa oda ya kwanza na muuzaji mgeni ni mzuri: pesa inakaa kwao, ukipokea mzigo usiofanana na oda unadai ndani ya muda ulioandikwa. Ulinzi huo unakufa siku muuzaji akikwambia, "Tutoke nje ya tovuti, nitakupunguzia." Punguzo hilo ndilo bei ya ulinzi wako. Na kumbuka wanaangalia kilichoandikwa kwenye oda, si mlichoongea WeChat, kwa hiyo ule mstari wa volti na mota uingie ndani ya oda. Angalia pia muda wa kudai unaanza kuhesabiwa lini. Kama mzigo unapelekwa stoo ya wakala Guangzhou, kwa muuzaji umeshafika, wakati wewe utauona wiki kadhaa baadaye ukishavuka bahari. Tovuti ya 1688 ni ya soko la ndani la China, haikuandaliwa kwa ajili yetu. Huko unanunua kwa mkono wa wakala, basi ulinzi wako ni wakala huyo.

LC, yaani ahadi ya benki ya kumlipa muuzaji akileta karatasi zilizotakiwa, mabenki yanaipenda, na kwa mwenye kontena za thamani kubwa ina maana yake. Lakini inafuata kanuni za kimataifa za UCP 600, na humo benki inashughulika na karatasi, haishughuliki na mashine. Karatasi zikiwa sawa, muuzaji analipwa hata kama kontena limejaa mawe. Ukijumlisha ada na siku za kusahihisha herufi moja iliyokosewa, kwa mzigo wa dola elfu kumi mimi sihangaiki nayo.

Thelathini kwa sabini, na wapi pa kuishikia ile sabini

Desturi ya viwanda ni asilimia 30 mbele, 70 baadaye. Ubishi hauko kwenye hizo namba, uko kwenye neno "baadaye".

Mwenye kontena zima ana karata nzuri: BL, yaani hati ya meli ya kuchukulia mzigo. Kwa kawaida meli inatoa BL halisi nakala tatu, na bila kuirudisha, au bila muuzaji kuomba mzigo uachiliwe kwa teleksi, yaani kwa ujumbe bila nakala halisi, kontena halitoki bandarini. Kwa hiyo mnakubaliana hivi: muuzaji anapakia, anakutumia picha ya BL, unaihakiki kwa namba ya kontena kwenye tovuti ya kampuni ya meli, unalipa 70, naye anakutumia nakala halisi au anaachilia kwa teleksi. Mzigo uko njiani, yeye ameshika funguo, wewe umeshika pesa. Wote wawili mnaogopa kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Ukilipa kabla ya BL, anayeogopa ni wewe peke yako. Nunua kwa FOB na uchague mwenyewe wa kusafirisha, ili BL isitolewe na mtu wa muuzaji.

Sisi wa mzigo wa kuchanganya hatuna karata hiyo. Mzigo ukishaingia stoo ya wakala, muuzaji hana cha kushika, ndiyo maana anataka hela yote kabla gari halijatoka kiwandani. Usimwone mbaya, hata yeye ana swali lile lile la mkononi. Hapa kinachotusaidia ni mtu wa kuona mzigo kabla ya salio. Kama oda ni nene, ajiri kampuni ya ukaguzi; China mkaguzi wa siku moja hutoza kama dola 200 hadi 300, anafungua katoni anazozichagua yeye, anahesabu, anawasha mashine, anakupa ripoti yenye picha. Kama oda ni ndogo, mlipe wakala wako nauli na posho aende kiwandani. Akiwa pale, mashine tano zitolewe kwenye katoni, zifungwe mota, zishone mbele ya kamera. Asipige picha tu. Overloki inayotoa kelele ya vyuma haisikiki kwenye picha.

Ripoti ikikaa sawa, unalipa 70 siku hiyohiyo na gari linapakia mtu wako akiwa bado hapo. Muuzaji anayekataa mkaguzi asiingie kiwandani huyo ameshajijibu mwenyewe.

Kuna wanaoniambia, "Si kuna cheti cha PVoC cha TBS?" Kile kinaangalia kama bidhaa inakidhi viwango vya Tanzania. Hakiulizi kama uliagiza 20 ukaletewa 18, au kama mota ni ile uliyoilipia.

Msimu mmoja ujihadhari nao: mwaka mpya wa Kichina, ambao huangukia kati ya mwishoni mwa Januari na Februari 20 hivi. Wiki mbili tatu kabla, kila kiwanda kinataka salio ili kilipe wafanyakazi waende kwao. Utaambiwa, "Lipa sasa, usipolipa tutapakia mwezi wa tatu." Huenda ni kweli. Lakini mzigo unaoharakishwa siku hizo ndio unaokuja na skrubu zimelegea. Weka oda mapema, mwezi wa kumi na moja dipoziti iwe imeshaingia, au kubali tu kuuchukua baada ya sikukuu.

Ukishatuma

Benki ikupe kopi ya SWIFT, si ile risiti ya kaunta tu. Soma jina la mpokeaji na akaunti tena ukiwa bado umesimama pale dirishani. Angalia gharama zimewekwaje: OUR maana yake unazilipa wewe zote na muuzaji apokee kamili, SHA mnagawana, BEN zinakatwa kwake. Usipochagua OUR, kiwanda kitakuambia imepungua dola ishirini na kitu, na mzigo utakaa kwa ajili ya hiyo ishirini. Kwenye kopi kuna pia namba ya UETR, ndefu, yenye alama 36 pamoja na vistari. Mpe muuzaji hiyo. Benki yake inaweza kufuatilia pesa imekwama benki gani ya katikati, badala ya nyinyi wawili kutuhumiana.

Ukigundua umelipa akaunti ya matapeli, usianze kumwandikia tapeli. Nenda benki dakika hiyo, uombe kwa maandishi malipo yarudishwe na benki inayopokea ijulishwe kuwa ni utapeli. Kama pesa bado haijatolewa, benki ya kule inaweza kuizuia. Ikishatolewa, kurudi kwake kunategemea hisani isiyokuwepo. Siku hiyohiyo fungua kesi polisi, kitengo cha makosa ya mtandao, maana benki ya nje itauliza namba ya kesi. Mwambie na muuzaji wako wa kweli abadilishe nywila zake na yeye aripoti kwao. Kila dakika ya aibu, ya kuficha jambo nyumbani na dukani, ni ya matapeli.

Kila oda iwe na faili lake: leseni, proforma yenye muhuri, kopi ya SWIFT, ukurasa wa daftari wenye jina la aliyesoma akaunti, ripoti ya ukaguzi, BL au risiti ya stoo ya wakala, na nyaraka za forodha. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Na kwa muuzaji ambaye mmeshapitisha naye mizigo miwili mitatu bila shari, anza kumbana taratibu. Mimi huomba dipoziti ishuke mpaka 20, na asilimia 5 ibaki kwangu hadi mzigo ufike Dar na kufunguliwa. Wengi hukataa ile 5, basi naomba thamani yake kwa vipuri. Mashine ikifika na kasoro, siombi arudishe pesa, maana dola ikishaingia China kutoka kwake ni shughuli. Natuma video, tunakubaliana kiasi, na kinaandikwa kwenye proforma inayofuata kama mstari wake wenyewe wenye alama ya kutoa, chini ya mashine mpya, juu ya jumla.